Swali la Mama Mdogo Kuhusu Viongozi Wakali

Hasira hii ninayo tangu nilipokuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko Handeni, katika kijiji cha ujamaa ambacho watu wake walikuwa hawajamaliza hata msimu mmoja tangu wahamishiwe pale. Mama mdogo, aliyemfuata mama yangu kuzaliwa, alikuwa mmoja wao. Ofisa mmoja alimfuata kwake na Landrova na mgambo, akamwambia atoe vyombo nje. Kisha mgambo wakatia moto paa la nyasi ili asije akarudi. Mahindi yake yalibaki shambani yakiwa mabichi, ngedere na nguruwe wakayamaliza.

Ofisa huyo huyo alikuja siku moja mchana kukagua darasa langu. Tulikuwa bandani, wanafunzi wamekaa juu ya magogo, wengi wao wanawake waliotoka kulima. Somo lilikuwa siasa. Nilipewa karatasi ya kufundishia: kwa nini viongozi wengine duniani wanaonekana wakali na wachokozi. Nikasoma kwamba hawasikilizi mtu, wanatumia nguvu, wanawaondoa watu kwenye ardhi yao na kusema ni kwa faida ya watu hao hao. Nikawataja wakoloni na makaburu. Nikauliza kama kuna swali.

Mama mdogo akasimama. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwalimu, hao unaowasema, na wao hudai wanawasaidia watu?"

Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyodai.

"Sasa tutawajuaje? Maana aliyechoma nyumba yangu naye alisema ananisaidia."

Hakumtazama ofisa. Ofisa alinitazama mimi, akingoja. Jibu nililijua, na kila aliyekuwa bandani alilijua. Nikamwambia mama mdogo akae chini, swali lake liko nje ya somo.

Kesho yake akapangiwa kung'oa visiki peke yake kwenye shamba la kijiji, wiki nzima, kwa kosa la kuvuruga darasa. Nilipita pale kila asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha jembe. Mimi nilisifiwa kwa msimamo, nikahamishiwa Kilole, mjini Korogwe, nikapewa nyumba ya bati.

Siku hizi watu wakibishana kwa nini mtawala huyu anaitwa mkali na yule, aliyetenda yale yale, anaitwa mlezi, huzungumzia majeshi na mipaka. Huwa natamani kuwapigia kelele. Mimi ndiye niliyeshika chaki! Niliwaita wakali wale walio mbali, wasioweza kunifukuza kazi, na yule aliyekaa mita chache kutoka kwangu nikamwita mgeni wetu.

Mama mdogo hakurudi darasani. Alikuwa amefikia nusu ya kuandika jina lake. Miaka mingi baadaye nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nilikuwa kijana na nilihitaji kazi. Nikamwambia hiyo si sababu. Akakubali kwamba si sababu, akaendelea kupepeta mahindi.