Programu ya Kujifurahisha

Aliyetuharibia ni mwalimu wa mradi, nasema wazi. Alituletea kambini mashine ndogo ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta, pamoja na programu ya kukipangia kisu njia. Hakusema kwamba programu yenyewe ni ya muda. Alipoondoka yeye, nayo ikajifunga.

Mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi na fundi seremala wa Ngara mjini. Alitaka kuona mlango wa kabati wenye maua, uliochongwa na mashine. Nikiufikisha Jumamosi, ataniombea kibali cha kukaa kwake. Nisipoufikisha, nabaki kambini, na kambini maafisa walikuwa wameanza kuandika majina ya watu wa kurudishwa Burundi. Burundi nilikuwa nimezika watu wangu wote.

Basi nikatafuta programu nyingine. Moja ilikuwa ya kununua, bei yake siisemi hata leo. Nyingine hulipiwa kila mwezi kwa kadi ya benki. Mkimbizi kadi anaitoa wapi? Ya tatu bure, ila kwanza utie alama kwamba hufanyi biashara, unachonga kwa kujifurahisha tu. Nikatia. Biashara kambini tulishakatazwa, kwa hiyo hata sikudanganya sana.

Ubure wake niliuona Alhamisi kisu kilipoanza kwenda. Wenye programu wameizuia makusudi: kisu kikiinuka kuhamia ua jingine, kiko hewani, hakikati kitu, bado kinatambaa polepole kana kwamba kinakata. Nimekaa nakitazama, siwezi kukiharakisha. Saa kumi mlinzi wa jenereta akaja kuzima. Nikamwomba nusu saa. Akasema mafuta si ya baba yangu, akazima. Ijumaa hakuiwasha kabisa. Maua yaliyobaki nikayamalizia kwa patasi.

Mjini nilimwamkia fundi shikamoo, akaitikia, akapitisha kidole juu ya maua. Kidole kikasimama palepale patasi ilipoanzia.

“Hapa ni mkono.”

“Ndiyo, mzee. Lakini tazama, ni pazuri kuliko kule kwa mashine.”

“Nimeona. Wachongaji wa mkono ninao wanne, ndugu yangu, na kazi ya kuwapa sina. Mimi nilitaka mtu wa mashine.”

Nilimweleza habari ya programu ya bure. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakubisha. Mlango aliuchukua, akausifia. Kibali hakuniombea.

Ruhusa yangu ya kutoka getini ilikuwa inaisha jioni ile, nikarudi. Jumatatu maafisa walipokuja na daftari lao la majina, walinikuta nimekaa.