Farasi Ukumbini

Verna Hadlock alikuwa na miaka sitini na tisa siku moto wa nyika ulipovuka barabara ya kusini na kuuzingira mji wao mdogo katika jimbo la Wyoming, Marekani. Hoteli yake ilijengwa kwa mawe na babu yake, mfuga ng'ombe, na wageni waliipenda kwa matandiko ya farasi na pembe za ng'ombe zilizotundikwa ukutani. Kati ya mifugo yote ya ukoo walikuwa wamebaki farasi tisa tu, nao walikuwa zizini nyuma ya jiko, wakipiga mbao mateke kwa kuogopa moshi.

"Wafungulie wakimbie," alisema mdogo wake, Orrin, huku akikohoa.

"Wakimbilie wapi? Pande zote moto."

"Sasa unataka kuwalaza vyumbani, dada?"

"Ukumbini. Shika kamba."

Waliwafunga macho kwa taulo za wageni, wakawaingiza mmoja mmoja kwa mlango wa mbele. Farasi jike mzee, Opal, aligoma kizingitini. Verna akaegemeza paji la uso shingoni mwake, akamnong'oneza mpaka akakanyaga zulia. Kisha paa la zizi likashika moto. Kwa saa nzima ndugu wawili na farasi tisa walisimama katika giza la moshi, wakisikiliza vioo vya madirisha vikipasuka kwa joto.

Moto ukapita. Zizi halikubaki, na kwato zilikuwa zimeichimba sakafu ya mbao ya babu. Orrin akasema ataita fundi.

"Iache," Verna akajibu. "Wageni wakiuliza, nitawaeleza."