Mtaro wa maua wa Nyakabiga, na kaporali aliyepima kwa goti

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Nimeona humu watu wanauliza namna ya kuzuia maji ya mvua yasile ukuta, na wengine wanauliza nyuki wameenda wapi. Nina kisa kimoja kinachojibu yote mawili. Kilinikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo msitegemee michoro.

Ilikuwa Burundi, miaka ile ya vita. Mimi mtu wa Kigoma, lakini wakati huo nilikuwa Uvira, upande wa Kongo, kwa jamaa yangu. Asubuhi moja nikamwambia naenda kununua mkate. Akauliza, mbona na begi? Nikasema ni la kubebea mkate.

Sikuwa na mpango wowote. Gari la kwanza lililosimama lilikuwa linaenda Bujumbura, basi na mimi nikawa naenda Bujumbura.

(Kuna mtu atauliza, unaendaje mji wenye vita bila sababu? Mkuu, Uvira nako kulikuwa na vita. Nilikuwa nabadilisha mandhari tu.)

Nikashuka Nyakabiga. Nyumba zimebanana, jua linashuka, na kila ninayemuuliza chumba ananijibu huku anafunga mlango. Ile amri ya kutotembea usiku, wenyewe wanaiita kuvrefe, haikuwa na utani.

Aliyesimama ni mmoja tu, Mama Zuhura, mjane mwenye kiduka cha mkaa na sabuni.

"Chumba iko," akasema. "Lakini iko na mupangaji."

"Nani?"

"Maji."

Akanionyesha. Juu yetu kuna Kiriri, mlima wa majumba makubwa yenye nyua za simenti. Mvua ikinyesha kule, maji yote yanateremka kwa uchochoro na kuupiga ukuta wake wa nyuma. Ukuta ulishaanza kuinama. Masika mengine mawili hivi, chumba kingekwenda, na nusu ya nyumba ingekifuata. Na nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na marehemu.

Nikajisikia nasema, "Mama, mimi maji nayajua."

"Unajua kuyafanya nini?"

"Kuyatuliza."

Akanitazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Sawa. We lala jikoni na kuku. Ukituliza maji, chumba yako. Ukuta ikianguka, na we unaanguka nayo."

Ndivyo nilivyoingia kwenye uhandisi, wakuu.

Ilikuwa mwisho wa mvua. Zilipokuja mbili tatu za kuaga, niliyafuata maji kinyumenyume, kupanda Kiriri, nione hasira yanaipatia wapi. Walinzi wa mageti waliona mtu analoa huku anatazama chini, wakanihurumia.

Nilichoona ni hiki. Kwenye simenti maji yanakimbia. Yakifika penye majani mapana yanatembea. Na ile mitaro yetu myembamba yenye kina inayaongezea mbio.

Kwa hiyo nikachimba mtaro mpana na usio na kina, mfano wa sahani. Chini nikaweka matofali ya kuvunjika na mchanga mnene ili maji yazame na yasilale. Yakilala zaidi ya siku moja, umefuga mbu. Kila hatua chache nikapanga mawe kukata mwendo.

Matofali alinipa jirani, Selemani, fundi baiskeli. Mama Zuhura akakasirika.

"Usichukue kitu kwa ule. Ana jicho."

Kisa chenyewe ni maboga. Maboga ya mama yalikuwa yanatoa maua, yanafanya katunda ka ukubwa wa kidole gumba, kanakuwa njano, kanaanguka. Selemani aliwahi kuyasifia kwa juu ya ua. Tangu hapo hawasalimiani.

Nikakaa asubuhi nzima natazama maua ya maboga. Sikuona nyuki hata mmoja. Uchochoro mzima ni simenti na matope, nyuki aje kufanya nini?

Lakini kichwa changu wakati huo kilikuwa kwenye mizizi. Nikaenda Kajaga, ufukweni, nikaleta matete, maana yanashika udongo vizuri. Yakaota haraka mpaka nikaanza kutembea kifua mbele.

Kwenye kona, chini kidogo ya kwetu, kulikuwa na baryeri, kizuizi cha magogo cha wanajeshi. Mkuu wake kaporali mmoja mrefu kama mwezi wa njaa. Akaja.

"Ii nini?"

"Mtaro, chef."

"Mutaro? Hapa watu wawili wanajificha na wanapika chai." Miaka ile kichaka kando ya njia kilikuwa adui. "Kata yote. Yenye inapita goti, apana."

Selemani akadakia toka kwenye baiskeli zake, "Goti ya nani, chef? Yako ama ya ule mwenzako mufupi?"

Mwanajeshi mfupi akacheka, akakumbuka kazi, akaacha. Kaporali akafikiri kweli kweli.

"Yangu."

Tangu siku hiyo goti la kaporali likawa sheria. Alikuwa anapita, anaweka mguu mtaroni, anapima.

Nikang'oa matete. Sasa nipande nini kifupi? Ndipo maboga yaliponirudia akilini. Kama lazima nipande, si nipande chakula cha nyuki?

Katikati panapolowa nikaweka mnanaa na matembele. Kingoni, kwa yale yasiyopenda kulowa miguu, nikaweka kivumbasi, na kishona nguo nikakiacha, ingawa watu walinicheka kwamba nafuga magugu. Kiangazi chote nikamwagilia maji ya kuoshea mboga. Goti likikaribia, nakata upande mmoja tu, wa pili nauacha na maua mpaka wa kwanza uchanue. Nyuki asikute meza tupu.

Wakaja wawili. Baada ya muda mtaro mzima ukawa unavuma.

Na maboga yakashika. Mama Zuhura akaanza kutoka kila asubuhi kuyatazama, halafu anatazama upande wa Selemani, halafu anarudi ndani. Mwisho akanipa boga changa. "Mupelekee. Usimwambie kitu."

Selemani akalipokea kwa mikono miwili. "Yoo! Boga muzu..."

"Baba, usisifie!" nikamkatiza.

Akameza maneno.

Sasa sikilizeni balaa. Siku moja kaporali kaja kupima. Kasimama katikati ya kivumbasi, goti limenyooka, uso wa serikali. Nyuki akaingia kwa chini ya suruali.

"Yampaye inka!" akapiga yowe la Kirundi. Akaruka, akatimua mbio.

Wakuu, Bujumbura ya miaka ile, ukiona mwanajeshi anakimbia huulizi. Muuza ndagala, dagaa wa kule, kaacha beseni. Kinyozi kaondoka na mkasi, mteja nyuma yake kanyolewa upande. Selemani kapanda baiskeli isiyo na mnyororo. Mimi niliyejua ni nyuki nikakimbia pia, tena mbele.

Tulifika barabara kubwa ndipo mama mmoja akauliza, "Wametokea wapi?"

Yule mwanajeshi mfupi, machozi ya kicheko yanamtoka: "Mu suruali ya chef."

Mtaa ukacheka. Kaporali hakucheka. Akaja kwangu anachechemea.

"Kesho asubuhi nikute umefukia yote. Kama apana, nafukia na we ndani."

Wakati ule mtu wa bunduki akisema hivyo, unatii. Nikashika koleo. Mama Zuhura akalishika upande wa pili.

"Acha."

"Mama, kasema..."

"Kasema kesho. Leo iko mvua."

Kiriri ilikuwa nyeusi. Ikanyesha mvua ya kwanza kubwa ya msimu. Mama Zuhura akaingia kile chumba, akasimama peku sakafuni, anasubiri miguu imwambie.

Maji yakaja kwa kelele. Yakaingia mtaroni, yakatanuka, yakapanda mawe, yakashuka. Mimea ikalala, ikainuka. Kelele ikapungua mpaka nikasikia watoto wa jirani. Kona moja ya ukuta ililoa, sitadanganya. Lakini sakafu ilibaki kavu.

Asubuhi maji yalishazama, nyuki wako kazini. Kaporali akafika. Nikaanza kuomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua. Hakunisikia. Alikuwa anatazama baryeri yake. Kila mvua kubwa ilikuwa inabeba benchi lao na jiko la mkaa, safari hii vyote vipo.

"Leta koleo."

Nikampa. Akaenda pale maji yanapoingilia, akaanza kuzoa mchanga ulioletwa na mvua.

"Hapa imejaa. Mukiacha hivi, mvua ingine inapita juu." Akanirudishia koleo. "Na goti ni ile ile."

Mama Zuhura akaleta ufunguo. Kitasa kilikuwa na kutu, tukausukuma mlango wote wawili. Harufu ya udongo, dirisha moja, mkeka. Akagonga ukuta kwa ngumi, ukajibu vizuri.

"Kesho unafagia mbele ya mulango wako kama watu," akasema, akaenda dukani kwake.

Nilichojifunza: maji usiyafukuze, yape pa kukaa na kitu cha kunywesha. Panda vinavyochanua kwa zamu. Zoa mchanga kila baada ya mvua kubwa. Na kabla hujapanda chochote, uliza kwanza mwenye goti ni nani.

Haya, wa mabondeni na wa milimani, kwenu maji mnayafanyaje? Na mwenye mmea mfupi unaopendwa na nyuki kuliko kivumbasi, autaje hapa chini, nina mtaro mwingine wa kujaza.