Bi Jeki na Springi za Inchi Nne

Nitakalokusimulia hutaliamini, nami sitakulaumu, kwa sababu jirani yangu aliyeliona kwa macho yake mawili bado analibishia. Linamhusu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi wa springi ambaye mtaa mzima unamwita Bi Jeki. Lina mjomba ndani yake vilevile. Mjomba huyo ni mimi, lakini nitamweka pembeni kidogo, maana siku ile hakufanya jambo la kujivunia, na kwake hilo ni nadra sana.

Gereji ya Bi Jeki ni nyembamba kama ujia, imebanwa kati ya duka la rangi na mtu anayechomelea mageti. Spana zake zimetundikwa ukutani kwa urefu, kama watoto wa shule kwenye mstari, na atakayerudisha kumi na nne mahali pa kumi na mbili ataambiwa maneno ambayo hata mama yake hajapata kumwambia. Ni mtu wa sauti ya chini. Wateja wapya humwuliza, "Fundi yuko wapi?" Yeye huwajibu, "Kaenda kutafuta subira," kisha hujilaza chali na kuingia chini ya gari lao, akawaacha wanaongea na miguu yake.

Ana utaratibu mmoja unaowaudhi wengi. Ukitaka gari lako linyanyuliwe ili tumbo lisikwangue mawe, usimpelekee likiwa tupu. Lije kama linavyoishi: na mizigo yake, na watu wake, na tairi la akiba. Hulipandisha kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, akaandika uzito wa mbele na wa nyuma, akapima kwa utepe toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Hapo ndipo anapotaja springi. "Springi hainunuliwi kwa macho," husema. "Inanunuliwa kwa mzigo."

Sasa, mdogo wake, kitindamimba wa dada yangu, ni dereva wa zahanati, na gari ni lake mwenyewe. Kila wiki huwapeleka wauguzi watatu na makasha ya chanjo ng'ambo ya mto ambao miezi mingi ni mawe matupu, na ukishauvuka kuna mteremko unaomfanya mtu akumbuke madhambi yake. Mara mbili gari lilikaa juu ya jiwe kama kobe, magurudumu hewani. Mganga mkuu akamwambia bila kuzunguka: likikwama mara ya tatu, kazi itakwenda kwa mwingine.

Bi Jeki akalipima gari wauguzi wakiwa ndani. Mmoja wao aligoma kupanda mizani mpaka akahakikishiwa kwamba wanapimwa wote kwa mkupuo na siri yake itabaki siri. Kisha fundi akaandika kwenye kipande cha boksi: springi za kunyanyua inchi mbili, za mzigo wa kati. Shokapu za kufuatana nazo, yale mabomba ya mafuta yanayoituliza springi isirukeruke. Mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta gurudumuni, mirefu zaidi ya iliyopo. Hilo la mwisho alilipigia mistari miwili.

Kosa lilikuwa moja tu: mjomba alikuwepo, na akajitolea kumsindikiza mpwa wake dukani.

"Inchi mbili?" mjomba alimwambia njiani. "Inchi mbili hata kuku hazimstui. Chukua nne, gari liwatazame wenzake kwa juu."

Muuzaji naye akatia petroli kwenye moto. Akasema zile za inchi nne, za mzigo mzito, ndizo zinazochukuliwa na watu wa safari ngumu. Zilikuwa nyekundu, zinang'aa, na shokapu zake ndefu zilikuwa nyekundu vilevile. Mipira ya breki ilikuwa myeusi, imelala kwenye mfuko kama mikia ya panya. Wakaiona haina sura. Wakaiacha hapohapo kaunta.

Bi Jeki alipofungua boksi alizitoa springi, akazipanga chini moja moja, polepole. Nani asiyejua upole wa mwanamke wa ukoo wetu? Mwenye duka la rangi alianza kuingiza makopo yake ndani.

"Nilikuandikia nini?"

"Dada, Mjomba kasema..."

"Mjomba anaendesha nini?"

Mjomba akakohoa. "Mimi nimeendesha lori, mama, wewe bado hujazaliwa."

"Uliliendesha kinyumenyume, ukabomoa choo cha shule. Nyamaza, Mjomba, nazungumza na huyu." Akamgeukia mdogo wake. "Hizi ni za gari linalobeba saruji kila siku. Wauguzi wako ni saruji? Watarushwa mpaka wagonge dari. Na mipira ya breki iko wapi?"

"Ile ya zamani bado mizima."

"Mmechagua vyuma kama watu wanaochagua viatu vya harusi."

"Dada, kesho alfajiri natakiwa njiani. Wewe funga tu."

"Sifungi."

"Basi yupo atakayefunga."

Akapakia boksi lake, akavuka barabara. Upande wa pili kuna fundi mmoja mcheshi, anayefunga chochote anacholetewa, hata ungempelekea kitanda. Mjomba akamfuata mpwa wake, si kwa ubaya, ila kwa kuwa kivuli kilikuwa upande ule.

Bi Jeki akabaki anafuta spana moja ileile. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikioni. Miaka kumi na miwili amelala chini ya magari ya watu, na mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu amemwacha na kipande chake cha boksi, akamwamini muuza duka kwa sababu ya rangi. Wateja wasiomjua alikwisha kuwazoea. Huyu anamjua. Huyu amekula kwa mikono hii yenye grisi. Na kesho angeteremka mlima na watu watatu wasiojua lolote, wanaopiga soga na kugawana karanga.

Akatupa kitambaa, akavuka.

Springi zilikuwa zimekwisha fungwa. Gari limesimama juu, pua angani, na watu wanalizunguka wakilisifia.

"Limependeza," alisema yule fundi. "Jirani, leo kubali."

"Limependeza. Weka jeki kwenye chesisi, siyo kwenye ekseli. Nataka gurudumu la mbele lining'inie."

"Ya nini? Kazi imekwisha."

"Kama imekwisha haitaona aibu kuning'inia."

Watu wakacheka, na fundi, ambaye hakupenda kuchekwa, akaweka jeki. Gari likapanda, gurudumu likashuka taratibu, likashuka zaidi, kwa kuwa zile shokapu ndefu ziliruhusu. Bi Jeki akapiga magoti. Mpira wa breki, uliokuwa umelegea vizuri gari likiwa chini, sasa ulikuwa umekazwa kama kamba iliyoanikwa mablanketi mabichi.

"Zungusha usukani hadi mwisho," alimwambia mdogo wake aliyekuwa ndani.

Akazungusha. Mpira ukavutwa, ukafanya mpasuko mweupe pale unapoingia kwenye chuma, na tone moja la mafuta likajitokeza, likaning'inia, likaanguka.

"Njoo uone."

Alishuka, akainama. Bi Jeki hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

"Shimo la kwanza mtoni, gurudumu litashuka hivihivi. Huu utakatika. Mbele yako mteremko, nyuma yako wanawake watatu. Utakanyaga nini? Utakanyaga rangi nyekundu?"

Hakuna aliyecheka tena. Fundi wa ng'ambo alikuwa anatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwa kimepotea.

"Dada..."

"Dada yako hukumsikia. Sasa niite fundi."

"Fundi," alisema. "Nisaidie."

Alimsaidia, lakini usidhani hasira ilipoa. Alizirudisha zile springi dukani zikiwa na vumbi lake, akamwuliza muuzaji mbele ya wateja kama aliwahi kuuliza gari linabeba nini. Muuzaji akabadilisha kila kitu bila kubishana. Hadi jioni kulikuwa na inchi mbili, shokapu za kufuatana nazo, na mipira mirefu iliyojaribiwa gurudumu likining'inia, kulia na kushoto. Alfajiri mjomba akajibana nyuma na wauguzi, na Bi Jeki akapanda kiti cha mbele, uso mkavu, akakataa hata karanga.

Mawe ya mto yalipita chini ya tumbo bila kukwangua. Gurudumu likatumbukia shimoni, likatoka. Na kule juu ya mteremko akamwambia mdogo wake, "Kanyaga," naye akakanyaga, na gari likasimama kana kwamba limepigiliwa msumari. Likasimama hivyo saa nzima, pua ikitazama bondeni, na mjomba kiti cha nyuma, bila woga hata chembe, akipiga mluzi na kumshika muuguzi mmoja mkono ili asije aka...

Bi Jeki, kumbe alikuwa anasikiliza, ananikatiza: "Saa nzima umeitoa wapi, Mjomba? Lilisimama, tukashuka. Na muuguzi ndiye aliyekushika wewe, ulikuwa unaomba kuteremshwa."