Maabara ya Kupiga Magoti

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na hasira nilizaliwa nazo. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Maduka ya Songea yameanza kujaa sabuni za kunukia na redio za kaseti, viatu vya mtumba vinamwagwa chini kila gulio, na serikali nayo ikakubali tufungue sekondari ya sayansi na ufundi. Wazazi wa Msamala, mtaa wetu, wakafyatua matofali, wakajenga. Mimi, mwalimu pekee wa fizikia, nikakabidhiwa maabara. Mkaguzi angekuja Jumatatu. Asiporidhika, shule ingefunguliwa kama sekondari ya kawaida tu, na mimi ningepangiwa kufundisha Siasa. Nilikuwa nimegombana na baba yangu mzazi ili nisome fizikia. Siasa! Heri nirudi kwetu nikakaange maandazi.

Meza za maabara tuliagiza kwa seremala mmoja mzee, aliyejifunza kazi misheni tangu ujana wake. Maabara hakuwahi kuiona. Nilimchorea kwenye karatasi ya daftari, nikamweleza: wanafunzi watakaa kwa mistari, wote wakitazama mbele, na mbele pana meza kubwa yenye vyombo vya kioo na moto unaowaka.

"Nimeelewa kabisa, mwalimu," akasema.

Jumamosi akaleta mabenchi ya kanisani. Mninga mtupu, umepigwa msasa mpaka unateleza, na chini ya kila benchi kibao cha kupigia magoti.

Nilifoka. Nilimwita mjinga mbele ya mwalimu mkuu na wazazi waliokuwa wakipaka chokaa. Mzee alishangaa kwelikweli.

"Mwalimu, si umesema mistari, watu watazame mbele, mezani vyombo vya kioo na moto? Sasa hiyo ni nini kama si kanisa?"

Mwalimu mkuu alijitia kukohoa. Mimi sikucheka. Nilimwamuru mzee aje Jumatatu alfajiri aving'oe vile vibao, maana Jumapili hafanyi kazi hata umshikie bunduki.

Jumatatu Landrova ya mkaguzi ikamtangulia. Kidato cha kwanza, tuliowaita kwa ajili ya ukaguzi, wakaingia, wengi wao watoto wa Kikatoliki kutoka vijijini, wakaviona vibao, na bila kuambiwa na mtu wakapiga magoti wote. Mmoja alifanya na ishara ya msalaba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mwalimu," mkaguzi akauliza, "hapa mnafundisha fizikia au katekisimu?"

"Fizikia, mzee," nikajibu, na kwa kubabaika nikamimina maji kwenye chombo kirefu cha kupimia, kimoja tu tulichokuwa nacho. Kikapitishwa benchi kwa benchi, kikisimamishwa kwenye ubao wa kuwekea vitabu vya nyimbo, watoto wasome. Sasa, maji ndani ya chombo kile hubonyea katikati. Ukiyasoma umesimama, yanakudanganya. Sharti jicho liwe usawa mmoja na maji. Na mtoto aliyepiga magoti kwenye kibao cha mzee yule, jicho lake lilikuwa hapohapo. Kila benchi likataja namba ileile.

Mkaguzi hakuamini. Akapandisha suruali kidogo, akapiga magoti mwenyewe.

"Arobaini na mbili na nusu," akasema kutoka kule chini. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. "Nimezunguka shule zote za kanda hii. Watoto wanasoma wamesimama, wanakosea. Nani aliyebuni vibao hivi?"

Mzee alikuwa amesimama dirishani, nyundo mkononi. Nilimwonyesha kwa kidole. Mkaguzi akamwendea.

"Mzee wangu, ulijuaje?"

Mzee alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kunilipa yote ya Jumamosi, mbele ya mkaguzi mwenyewe.

"Mwalimu ndiye aliyenichorea," akasema. "Mimi nimefuata mchoro."

Kibali cha sekondari ya sayansi tukapewa siku ileile. Mkaguzi alipoondoka nilimfuata mzee nje. Ndipo nilipotambua kwamba tangu tufahamiane sijawahi hata mara moja kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akainua nyundo yake. "Haya, niving'oe sasa, au?"