Ubao wa Mtumbwi Kwenye Banda la Mbuzi

Ipo asubuhi moja ya masika ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na ningependa iwe kinyume chake. Mwanangu, nimesikia umepewa mbuzi wa maziwa mwenye mimba, nami nimefurahi kwa ajili yako. Lakini kabla hujapigilia msumari wa mwisho kwenye banda lake, keti nikueleze. Sitakuficha aibu yangu, maana ndiyo niliyo nayo ya kukufundishia.

Tulikuwa wanawake wachache wa kijiji kimoja kando ya ziwa, upande wa Misungwi. Kikundi chetu kilipata mbuzi wachache wa maziwa, na utaratibu ulikuwa mmoja: aliyepewa mbuzi anamtunza, na mtoto wa kwanza jike akizaliwa na kuachishwa kunyonya anakwenda kwa mwenzake anayefuata kwenye orodha. Mimi nilikuwa katika waliotangulia. Aliyenifuata ni Kabula, jirani yangu.

Kabula alikuwa mjane. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata, mtoto mwembamba ambaye alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Maziwa aliyoyatarajia yalikuwa ya Shija. Alijenga banda lake hata kabla mbuzi wangu hajapandishwa, akalifagia kila asubuhi, tupu hivyo hivyo. Watu walimcheka. "Kabula, mgeni wako amefika wapi? Yuko Nansio anasubiri meli?" Naye alijibu, "Anakuja na mizigo, msimharakishe."

Mbuzi wangu alikuwa mweupe, mkubwa, hana pembe. Nilimwita Bibi Harusi. Nilikuwa pia na mbuzi mmoja wa kienyeji, mwenye pembe na mwenye fujo, naye alilala humo humo.

Sasa, unajua banda la mbuzi wa maziwa huinuliwa juu ili kinyesi kidondoke chini na mbuzi alale pakavu. Likiinuliwa, lazima pawe na ubao wa kupandia na kushukia. Mbao zilikuwa ngumu kupatikana, na mchwa wa kwetu hawana huruma. Kwa hiyo nilifanya walivyofanya watu wengi wa pwani ya ziwa: nilikwenda kwa fundi wa mitumbwi, Mzee Masalu, nikaomba mbao za mtumbwi uliochoka. Mbao hizo zimekunywa mafuta ya samaki miaka mingi na mchwa hawazigusi. Nilijiona mjanja.

Mzee Masalu alinipa mbao, kisha akanishika mkono nisiondoke.

"Mayu," aliniita hivyo, yaani mama, ingawa nilikuwa binti tu mbele yake, "huu wa kupandia usiuweke mtupu. Nyayo za wavuvi zimeusugua, ukilowa ni kama mgongo wa kambale. Pigilia fito juu yake, moja kila hatua, mbuzi apate pa kukanyaga. Na uso wake huu laini uukwangue kwa tezo."

"Nimesikia, baba. Jumamosi mume wangu akija atapigilia."

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Nyakato, akirudi mwisho wa juma. Jumamosi ya kwanza alikuja amechoka. Ya pili kulikuwa na msiba. Ya tatu hata mimi sikumkumbusha, maana nilikuwa nimeanza kuupenda ule ubao jinsi ulivyo. Wageni walipokuja kumwona Bibi Harusi, waliusifu unavyong'aa. Nikawa nauosha kwa maji kila asubuhi, mwanangu, ili ung'ae zaidi. Fikiria hilo.

Kabula alikuja karibu kila siku. Alileta majani ya viazi na kuyatandaza mbele ya Bibi Harusi, kisha akatia kiganja chake ubavuni mwa mbuzi, upande wa kulia, kusikiliza watoto wakicheza. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Siku moja alipokuwa akipanda kumwaga majani aliteleza, akadaka nguzo.

"Mama Pendo, huu ubao utaua mtu! Kidogo nivunjike kiuno."

"Wewe una miguu miwili, yeye anayo minne," nikamwambia. "Ungekuwa mbuzi ungejua kushuka."

Tukacheka sote wawili. Ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka tukicheka pamoja.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilikuwa na haraka ya kwenda mnadani. Kwa kawaida nilimshusha Bibi Harusi peke yake kwanza, polepole, ndipo yule wa kienyeji. Siku hiyo nilifungua mlango, nikatikisa majani chini, nikawaita wote kwa pamoja. Wa kienyeji alitaka kutangulia. Akampiga Bibi Harusi kwa pembe kiunoni, pale juu ya ubao. Kwato zilitafuta pa kushika, hazikupata. Nilisikia zikikwaruza, kisha nikamwona amelala ubavu juu ya lile jiwe la chini ambalo nililiweka mwenyewe kuegemezea ubao.

Alilia mara moja tu. Kisha akasimama, akajitikisa, akaanza kula.

Nilishukuru Mungu, nikaenda mnadani.

Hapo, mwanangu, kama ningeishia kwenye uzembe, labda leo ningekuwa nasimulia kwa kucheka kidogo. Lakini mchana Kabula alikuja na majani yake. Akaweka kiganja pale alipozoea. Akakihamisha. Akakirudisha.

"Leo hawachezi."

"Wamelala," nikasema.

"Wote?"

"Mvua hii, nani hapendi kulala?"

Alinitazama, akaniamini. Bwana mifugo alikuwa kijiji cha pili tu, mwendo wa kwenda na kurudi kabla jua halijazama. Sikumwita, kwa sababu kumwita kungekuwa kusema kwamba ameanguka, na kusema ameanguka kungekuwa kuutaja ule ubao.

Siku ya pili yake Bibi Harusi aliacha kula. Alisimama pembeni amekunja mgongo, na damu ikaanza. Kufikia adhuhuri alikuwa ametoa watoto wawili, hawana uhai, wameumbika kila kitu mpaka kwato. Wote majike.

Kabula alifika nikiwa nimewafunika kwa gunia. Aliinua pembe ya gunia, akaangalia, akaishusha taratibu kama mtu anayefunika watoto wake wasipate baridi.

"Alianguka lini?"

"Jana asubuhi."

"Kabla sijaja au baada?"

Nikalivuta gunia likae sawa. Alikusanya majani aliyokuwa amekuja nayo, akaondoka nayo kwapani.

Jioni hiyo Mzee Masalu alikuja. Habari zilimfikia kule kwenye mitumbwi yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Aliitikia marahaba bila kunitazama, akatoa tezo, nyundo na fito alizokuja nazo, akainama kwenye ule ubao. Alikwangua, akapigilia. Nilikuwa nimebandika maji ya chai ili nimkaribishe. Yalikuwa hayajachemka alipomaliza. Ndiyo kazi iliyonishinda Jumamosi zote zile. Akakusanya vitu vyake na kuniambia, "Mbao nilikupa, mayu. Masikio ningekupa wapi?"

Bibi Harusi hakushika mimba tena. Bwana mifugo alisema kizazi kimeoza kwa ndani, tulichelewa. Kabula alijitoa kwenye kikundi, akabomoa lile banda, akahamia kwa kaka yake kisiwani Ukerewe.

Miaka ilipita. Nilipopata mbuzi mwingine na akanizalia jike mzuri, nilimkuza, nikapanda naye meli mpaka Nansio, nikauliza mpaka nikapafikia kwa Kabula. Alinipokea vizuri. Alinipikia ugali na samaki, akaninawisha mikono, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Tulipomaliza kula akamtazama yule mbuzi niliyemfunga mlangoni.

"Rudi naye, mama Pendo. Shija wangu sasa anavua. Hahitaji maziwa."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Basi nisikilize. Ubao wa kupandia uwe mpana, usisimame wima, na uwe na fito za kukanyagia kila hatua. Na kama umetoka kwenye mtumbwi, ukwangue mpaka ushike kwato. Chini pasiwe na jiwe, patandikwe nyasi kavu. Sakafu ya banda ichunguze kila asubuhi: nafasi ya upana wa kidole kati ya mbao inatosha kinyesi kupita, ikizidi hapo mguu utazama na kuvunjika. Mbuzi mwenye mimba mtenge na wenye pembe na beberu, hasa miezi miwili ya mwisho, na umshushe peke yake hata kama unachelewa mnadani. Usimfukuze, usimfunge kwenye miamba yetu hii hata kama majani ya huko juu ni mazuri.

Na akianguka licha ya yote hayo, hata akisimama na kula, mtulize, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Akitoa mimba usiwashike watoto kwa mikono mitupu, huenda ni ugonjwa. Subiri bwana mifugo akuelekeze, kisha uwafukie. Nawe umwambie mwenzako anayesubiri. Mwambie kabla hajaweka kiganja chake kwenye ubavu wa mbuzi akauliza. Mbuzi anaweza kupatikana mwingine. Mimi ni shahidi kwamba Kabula hakupatikana mwingine.

Utaweza, mwanangu. Si kazi ngumu. Ni kazi ya kabla chai haijachemka. Mungu akupe mkono usiochelewa na mdomo usioogopa kusema lililotokea. Mbuzi wako azae salama, wasimame wote kwa miguu yao, na mtoto wa jirani yako anywe maziwa hayo angali mdogo.