Fundi Betri Aliyekataa Kufufuliwa

"Mimi nikiishika betri, hata iwe imeshaliliwa ikazikwa, lazima iamke!"

Hayo mjomba wangu aliyasema kwenye harusi ya jirani, baada ya kumpokonya mshereheshaji kipaza sauti. Hakuna aliyemuuliza habari za betri. Watu walikuwa wanasubiri keki. Lakini gari la maharusi lilikuwa limegoma kuwaka, yeye ndiye aliyeliamsha kwa nyaya mbili na tusi moja, na mtu aliyekuokolea harusi humnyimi kipaza sauti. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Chaji.

Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Betri zimejipanga sakafuni kama wagonjwa, waya mwekundu huku, mweusi kule, na asidi imetoboa kila suruali aliyowahi kuvaa. Mteja akileta betri iliyozima, mjomba hamuulizi ina tatizo gani. Anauliza, "Marehemu alikuwa anaumwa nini?" Ikishika chaji anapiga ukelele mpaka kinyozi anamkata mtu sikio: "Imefufuka!" Hilo ndilo neno lake la kazi, kufufua, na hajawahi kumwomba ruhusa kiongozi yeyote wa dini.

Kisha moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba, akawa akilala chali anatweta kama aliyekimbizwa na mbwa. Akalazwa hospitali ya mkoa. Mke alishatangulia, watoto hakujaliwa, kwa hiyo aliyebaki naye ni mama mkubwa, dada yake wa kwanza, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga na, ukimtazama vizuri, hajawahi kumshusha.

Basi asubuhi moja daktari akavuta stuli kitandani. Daktari mwenyewe binti mdogo, viatu vya michezo, sauti ya taratibu.

"Mzee wangu, kuna waraka mpya wa mkoa. Wagonjwa wenye moyo kama wako tunawauliza wenyewe, wakiwa na akili zao. Moyo ukisimama, tufanyeje? Kuna kukandamiza kifua, kuna kuushtua kwa umeme, kuna mashine ya kupumulia."

Mjomba akainuka kitako. "Umeme? Volti ngapi?"

"Mzee!"

"Haya, niambie kweli. Moyo wangu huu ukishtuliwa, nafika mbali?"

Daktari hakuzunguka mbuyu. "Hapana. Wengi wa hali yako hawaamki. Anayeamka, mara nyingi anaamkia kwenye mashine, mbavu zimevunjika."

"Seli zimekufa," mjomba akasema. "Betri ya hivyo ukiishtua inawaka, halafu inazimika njia panda na kuziba njia ya watu. Niache. Ila dawa?"

"Dawa, oksijeni, kila kitu utapata. Ni hilo moja tu hatutafanya."

"Basi hilo moja msifanye."

Kikabandikwa kibandiko chekundu ukutani, juu ya kichwa chake. Neno lililokuwamo walilichagua wakubwa wa mkoa, watu ambao dhahiri hawana dada mkubwa: ASIFUFULIWE.

Mchana mama mkubwa akaingia na kapu la chakula. Akavaa miwani. Akasoma silabi moja moja. Kapu likatua chini.

"Nani kaandika hivi? Siku ya kiyama watu wote wanasimama, mdogo wangu peke yake abaki amelala?"

Wodi nzima ikageuka. Mzee wa kitanda cha jirani akainua mkono: "Mama, kama majina yameshatoka, niangalizie na langu."

Nesi akaja mbio. "Mama, tulia. Si kufufuliwa kule. Ni kufufuliwa huku."

"Huku wapi? Siku hizi kuna kufufuliwa kwa wilaya na kwa mkoa?"

Akakibandua kile kibandiko, akakitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Dada, nirudishie neno langu," mjomba akasema.

"Neno gani, wewe mtoto? Si ndiye wewe Chaji? Umefufua mpaka betri za matrekta!"

"Nilifufua za watu. Hii yangu naijua ndani nje."

"Na mimi nibaki na nani?"



"Wakianza kunipanda kifuani, dada, watakutoa nje ya pazia," mjomba akasema. "Mimi nataka siku hiyo uwe hapa, umenishika mkono."

Mama mkubwa akafungua chakula. "Kula."

Akala vijiko viwili vitatu, akaegemea mto. Macho yakafumba. Taya likaanguka. Mama mkubwa akamwita, kimya. Akamtikisa, kimya. Akapiga yowe.

Nesi mwingine akatokea na toroli la dharura, magurudumu yanalia. Akatazama ukutani: patupu. Ukuta ukiwa mtupu, maana yake mgonjwa apiganiwe. Akashusha chuma cha kitanda, akavuta mto, mkono mmoja ukatafuta shingo. Wodi ikasimama, hata mwenye dripu alisimama na mlingoti wake.

Ghafla mama mkubwa akajirusha katikati, mikono ameitanua kama golikipa.

"Usimpande! Asifufuliwe! Kasema mwenyewe, jamani, asifufuliwe!"

Neno lilelile. Na alilitamka kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa.

"Mama," nesi akasema, mkono bado shingoni, "huyu anapumua. Amesinzia."

Mjomba akafumbua jicho moja. "Nani amekufa?"

"Wewe!"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Wodi ililipuka. Mama mkubwa akampiga kofi mguuni, huku analia, huku anacheka, kamasi na machozi havijulikani. Akafungua zipu, akakibandika kibandiko mwenyewe, kimepinda upande. Halafu akamgeukia nesi kwa kidole.

"Neno lenu baya. Badilisheni."

"Tuandike nini, mama?"

"Aachwe," mwenye dripu akapendekeza.

"Hilo la talaka!" mama mkubwa akang'aka.

"Asisumbuliwe," nesi akajaribu.

"La hotelini," akasema mjomba.

"Apumzishwe," akasema mzee wa kitanda cha jirani.

"La mpira hilo," mama mkubwa akamjibu. "Na nani aingie badala yake? Wewe?"

Walibishana mpaka daktari akaja kuuliza kuna nini, naye akaingia kwenye ubishi. Mjomba alikuwa amemshika dada yake kiganja.

"Dada, koo limekauka. Nataka soda. Ya baridi kweli kweli."

Nesi akakunja uso, maana maji ya mjomba yalikuwa yanapimwa. Akamtazama daktari. "Nusu glasi," daktari akasema. "Nusu nyingine anywe dada."

Mama mkubwa alishafika mlangoni. Soda ya baridi, kantini ya hospitali, ni mia nane, na alikuwa ameshaishika mkononi.